Hiyo 'Bure' Ni ya Nani? Biashara ya Injini za Fizikia Kwenye Gemu

Mapema mwaka wa 2025, wasee waliojichanga wakanunua kadi mpya za Nvidia za RTX 50 walipatana na kitu cha ajabu. Gemu za kisasa zilikuwa zinateleza bila shida. Lakini wakifungua za kitambo kama Borderlands 2, Mirror's Edge ama Batman: Arkham City, na kuwasha zile mbwembwe za moshi, vitambaa na vioo vinavyopasuka vipande, mashine inaanza kukohoa. Kadi ya pesa nyingi, gemu ya zaidi ya miaka kumi, na bado inakwama.

Kadi haikuwa mbovu. Nvidia waliondoa uwezo wa kadi hizo kuendesha programu za zamani za biti 32 kwenye mfumo wao wa CUDA, na gemu hizo zilipitia njia hiyo kutumia PhysX, injini ya fizikia ya Nvidia wenyewe. Njia ilipofungwa, kazi yote ikamwagikia prosesa ambayo haikuiweza. Kelele zikapigwa, na kufikia Desemba mwaka huohuo kampuni ikarudisha uwezo huo kwa baadhi ya gemu. Baadhi, si zote.

Najua unachotaka kuniambia: hiyo ni shida ya watu wa kompyuta za laki tatu, mimi nacheza kwa simu. Sawa. Lakini kama wewe ni mmoja wa wale wanaojifunza kutengeneza gemu usiku kwa laptopu ya mtumba, hii stori inakuhusu kuliko inavyowahusu wao. PhysX ilitolewa bure kwa watengenezaji wa gemu za kompyuta. Walioitumia hawakuiba, walifuata masharti yote. Ila ufunguo ulibaki mfukoni mwa mtu mwingine.

Tuelewane kwanza kuhusu hiki kitu. Injini ya fizikia ni ile sehemu ya gemu inayojua kwamba mpira ukirushwa lazima uanguke, gari likigonga ukuta lisipenye, na adui akipigwa risasi asibaki wima kama mlingoti. Kwa kawaida inapiga hesabu mara 60 hivi kwa sekunde: kila kitu kiko wapi, kinaenda kwa kasi gani, nani amegusana na nani, wasukumane vipi. Kuiandika vizuri ni noma. Panga masanduku kumi, moja juu ya jingine, na kama hesabu zako zina kosa dogo tu, yataanza kutetemeka yenyewe kisha yaruke kama bisi kwenye sufuria. Ndiyo maana studio nyingi haziandiki yao. Zinachukua ya mtu. Na ya mtu huja na karatasi inayoitwa leseni, ambayo karibu hakuna anayeisoma.

Kitambo biashara hii ilikuwa rahisi kuelewa. Kampuni ya Havok ilianzishwa Dublin, Ireland, mwaka wa 1998 na Hugh Reynolds na Steven Collins wa chuo cha Trinity. Wao waliuza leseni, gemu kwa gemu. Bei haikubandikwa ukutani. Unaongea na watu wa mauzo, mnaelewana, unalipa. Half-Life 2 ya mwaka wa 2004, ile yenye bunduki ya kuinua mapipa na kuyarusha, ilijengwa juu ya fizikia ya Havok. Ni kama kukodi nyumba: unajua mwenye nyumba ni nani na kodi ni ngapi.

Kisha wakaja Ageia na wazo tofauti. Mwaka wa 2006 walianza kuuza kadi ya kuchomeka kwenye kompyuta, karibu dola 300, kazi yake ikiwa fizikia pekee. Programu ya PhysX ndiyo ilikuwa chambo, kadi ndiyo biashara. Haikuenda mbali. Nani anunue kadi ya dola 300 kwa sababu ya gemu chache? Na studio gani itengeneze gemu kwa kadi ambayo hakuna aliyenunua?

Hapo ndipo wakubwa walipoingia. Septemba 2007, Intel walinunua Havok kwa takriban dola milioni 110. Februari 2008, Nvidia wakanunua Ageia. Ndani ya miezi mitano hivi, injini mbili kubwa za fizikia zilikuwa mikononi mwa kampuni za chipu. Kwa nini? Intel wanauza prosesa. Nvidia wanauza kadi za grafiki. Kila mmoja alitaka hesabu za fizikia zifanyiwe kwenye kile anachouza yeye. Havok walikuwa na mradi ulioitwa Havok FX, wa kuhamishia hesabu hizo kwenye kadi za grafiki. Intel walipoinunua kampuni, mradi ukafa. Nvidia nao wakachukua PhysX wakaifanya ikimbie kwenye kadi zao, na wakawa wanaitoa bila malipo.

Unajua ile friji ya soda iliyo kwa duka la mtaa wako? Mwenye duka hakuinunua. Kampuni ya soda ililetea duka friji, ikaiweka, hata nembo ikapakwa. Mwenye duka anafurahia, na kweli ana haki ya kufurahia, soda baridi inauza. Lakini jaribu kupanga soda ya mpinzani ndani ya hiyo friji siku ambayo wenyewe wanapita kukagua. PhysX ya Nvidia ilikuwa friji ya aina hiyo. Mwaka wa 2009 kuna wachezaji walikuwa na ujanja mzuri: kadi ya ATI kwa picha, na kadi ya zamani ya Nvidia pembeni kwa ajili ya PhysX pekee. Nvidia wakatoa programu mpya ya kuendeshea kadi iliyozima PhysX ikigundua kwamba kadi kuu si yao. Msee amenunua kadi kwa pesa zake, iko kwenye mashine yake, na imezimwa kwa sababu ya jirani yake ndani ya boksi.

Ili tusiwaonee: Desemba 2018 Nvidia waliachilia msimbo wa PhysX chini ya leseni huria ya BSD, na Aprili 2025 wakaachilia hata ile sehemu ya kadi ya grafiki iliyokuwa imebaki imefungwa. Leo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha. Ni hatua kubwa na ninaipigia makofi. Lakini ukiangalia tarehe, miaka kumi ilipita kutoka kuinunua hadi kuifungua mara ya kwanza. Havok nayo ilitoka kwa Intel ikaenda kwa Microsoft mwaka wa 2015. Tangu 2023 unaweza kuitumia bila malipo kwa gemu za mtandaoni kupitia Babylon.js, ambayo pia ni ya Microsoft, lakini msimbo wake bado huoni. Friji nyingine hiyo.

Sasa kuna bure ya aina ya pili, na mfano wake bora ni stori ambayo kila mtu anayetengeneza gemu anafaa kuijua.

Erin Catto ni Mmarekani aliyefanya kazi ya fizikia kwenye Tomb Raider: Legend. Mwaka wa 2006 alienda kwa kongamano la watengenezaji gemu, GDC, kufundisha wenzake jinsi injini ya fizikia inavyofanya kazi, na akatoa programu ndogo ya mfano. Ile programu ndogo ikakua ikawa Box2D, injini ya gemu za pande mbili, zile unazoziona kwa ubavu. Akaiweka mtandaoni mwaka wa 2007, msimbo wote, chini ya leseni inayoitwa zlib.

Soma masharti ya zlib siku moja, ni mafupi kuliko ujumbe wa kuomba bando. Yanasema hivi kwa ufupi: tumia kwa chochote, hata biashara. Usidai wewe ndiwe uliyeandika. Ukibadilisha kitu, sema umebadilisha. Kumtaja mwenyewe kwenye gemu yako kutapendeza, lakini si lazima.

Desemba 2009, kampuni ya Rovio ya Finland ilitoa Angry Birds. Wale ndege wanavyoruka, mbao zinavyoanguka, nguruwe wanavyobingirika, yote ni Box2D. Hebu fikiria hiyo gemu bila fizikia. Ingekuwa picha ya ndege na picha ya nguruwe. Rovio wakatajirika, wakauza vinyago, fulana, hadi filamu za sinema. Mwaka wa 2023 Sega wakakubali kuinunua kampuni kwa yuro milioni 706.

Katikati ya hayo yote, mwaka wa 2011, mkubwa mmoja wa Rovio, Peter Vesterbacka, alikuwa jukwaani kwenye GDC akielezea mafanikio yao. Wakati wa maswali, mtu mmoja akasimama akauliza ni injini gani ya fizikia wanayotumia. Akajibiwa ni Box2D. Akauliza tena kama wanaweza kuitaja kwenye gemu. Kisha akajitambulisha: yeye ndiye Erin Catto, aliyeiandika. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Rovio wakakubali, na jina likawekwa.

Watu husimulia hii stori kama ya dhuluma. Mimi siioni hivyo kabisa, na nimeifikiria sana. Rovio hawakuvunja kifungu hata kimoja. Catto aliandika mwenyewe kwamba kumtaja si lazima, na alichoomba siku hiyo kilikuwa shukrani, hakuomba hela. Ukiwa umefuatilia vurugu za wasanii wetu kuhusu mrabaha, unajua tofauti: msanii wa Kenya analia kwa sababu anadai kitu ambacho sheria inasema ni chake. Catto hakudai kitu. Alishakitoa. Kinachoniuma mimi ni kingine: ilibidi asimame mbele ya umati ndio atajwe.

Lakini angalia upande wa pili wa hiyo karatasi. Catto hawezi kuamka kesho akaambia watu warudishe. Toleo la zlib ulilo nalo ni lako milele. Ni kama mtu akufundishe kupika chapo; mkikosana mwaka ujao, hawezi kuja kukutoa ujuzi kichwani. Matoleo mapya ya Box2D yako chini ya leseni ya MIT, na mambo ni yaleyale, ila MIT inadai ubaki na lile tangazo la hakimiliki pamoja na maneno ya leseni. Hili lake ni lazima.

Swali ambalo mtu wa mtaa huuliza mara moja: sasa hawa wanaotoa bure wanakula nini? Majibu ni tofauti. Catto aliendelea kuajiriwa. Alifika Blizzard na kushughulikia fizikia ya Diablo III. Erwin Coumans, aliyeandika Bullet, injini nyingine huria ya zlib ambayo hata GTA IV ilitumia, amepitia Sony, AMD, Google, na kisha Nvidia. Mwaka wa 2015 alipewa tuzo ya kisayansi na kiufundi ya Academy, wale wa Oscars, kwa sababu filamu pia zilikuwa zinatumia Bullet. Msimbo uliotolewa bure ulikuwa tangazo la kazi linalotembea lenyewe. Mimi sikumaliza chuo, kwa hivyo wazo la msimbo kuwa cheti linanivutia kuliko kawaida. Lakini nisikudanganye, Catto ana shahada ya uzamifu ya mekanika kutoka Cornell. Hawa si watu waliobahatisha. Na kwa kila Catto kuna wengine wengi ambao walitoa msimbo wao na hakuna aliyewahi kuwapigia makofi.

Haya, tuje kwa laptopu yako. Uwezekano mkubwa ni kwamba hujawahi kupakua injini ya fizikia peke yake. Ulipakua Unity, na ndani yake ukazikuta: fizikia ya pande tatu ni PhysX, ya pande mbili ni Box2D. Yaani kazi ya Nvidia na ya Catto iko kwenye mradi wako tayari, imefunikwa na leseni ya tatu, ya Unity. Na hii ya tatu ndiyo inayoamua maisha yako.

Septemba 12, 2023, Unity walitangaza ada mpya: gemu ikishavuka kiwango fulani cha mapato na upakuaji, mtengenezaji atalipa kila mara inapowekwa kwenye kifaa kipya. Kwa wale wa leseni ya bure, kiwango kilikuwa mapato ya dola 200,000 kwa mwaka na upakuaji 200,000, na ada ilikuwa hadi senti 20 za dola kwa kila kifaa. Nchi kama Kenya ziliwekwa kwenye fungu la bei ya chini, senti 2. Hebu tupige hesabu. Umetoa gemu ya bure, inaingiza hela kwa matangazo, imevuka viwango vyote viwili, halafu inapata wapakuaji wapya milioni moja wa huku kwetu. Hiyo ni dola 20,000, karibu Sh2.6 milioni kwa dola ya Sh129. Na wengi wa hao milioni moja hawajakulipa hata bob.

Ukweli ni kwamba wengi wetu hatungefika huko. Dola 200,000 ni zaidi ya Sh25 milioni kwa mwaka. Studio ngapi Nairobi zinaota hivyo? Lakini watengenezaji duniani hawakukasirikia kiasi cha hela pekee. Walikasirika kwa sababu ada ingehusu hata gemu zilizokuwa zimeshatoka. Unity walikuwa wameahidi mwaka wa 2019 kwamba ukibaki na toleo lako la zamani unaweza kubaki na masharti yako ya zamani. Kufikia 2023, kifungu hicho kilikuwa kimeondolewa kimyakimya. Umejenga nyumba miaka mitatu, halafu mwenye shamba anakuja kukuambia mkataba umebadilika jana.

Fujo ilikuwa kubwa. Siku kumi baadaye Unity wakalegeza masharti. Oktoba mkurugenzi mkuu John Riccitiello akaondoka. Septemba 2024, chini ya mkurugenzi mpya Matt Bromberg, ada yote ikafutwa. Katika zile siku za moto, Re-Logic, wenye gemu ya Terraria, walichangia dola 100,000 kwa Godot, injini huria iliyoanzia Argentina. Mega Crit, walioapa kuhama, walihama kweli. Slay the Spire 2 imejengwa kwa Godot.

Unreal ya Epic ni kisa tofauti, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo wazi zaidi kati ya hawa wakubwa. Unaitumia bure mpaka gemu yako iingize dola milioni moja, kisha unalipa mrabaha wa asilimia 5 kwa kinachozidi. Gemu ikiingiza dola milioni 1.2, unalipa dola 10,000. Kuwa makini hapa: asilimia hiyo inahesabiwa kwa mapato yote, kabla duka la simu halijachukua fungu lake. Wengi husahau hilo kwenye bajeti. Fizikia nayo, Epic waliiacha PhysX na kuandika yao, Chaos, inayotumika Unreal Engine 5. Mtu mkubwa kama Epic akiona afadhali aandike yake kuliko kuketi kwenye friji ya Nvidia, hilo linakupa picha.

Na kuna wa Uholanzi. Jorrit Rouwé wa studio ya Guerrilla, Amsterdam, alianza Jolt kama mradi wa wakati wake wa ziada. Studio ikaipenda mpaka ikachukua nafasi ya injini waliyokuwa wakitumia awali, na Horizon Forbidden West ya mwaka wa 2022 ikatoka nayo. Hii ni gemu ya PlayStation ya pesa ndefu, na fizikia yake iko chini ya leseni ya MIT, unaipakua usiku huu. Machi 2025, Godot 4.4 ikaja na Jolt ndani.

Wauzaji wa Havok wakikusikia ukisema hivi wana jibu, na si la kipuzi. Ukinunua kwao, injini ikikwama wiki moja kabla ya gemu kutoka, kuna mhandisi wa kupigia simu. Na konsoli zinafunikwa. Hapa ndipo huria huwa na kikwazo: Sony, Nintendo na Microsoft hutoa zana zao za konsoli kwa masharti ya siri, kwa hivyo msimbo wa kuziunga hauwezi kuanikwa hadharani. Ndiyo sababu Godot yenyewe haiji na njia ya moja kwa moja ya kupeleka gemu kwa konsoli. Unatafuta kampuni ya kukufanyia, na unalipa. Kama ndoto yako ni PlayStation, weka hilo kwenye hesabu mapema. Kama unalenga simu za Android, ambako ada ya kujisajili kama mtengenezaji kwa duka la Google ni dola 25 mara moja tu, kikwazo hicho hakikugusi.

Ukiamua kubaki na Unity, na kuna sababu nzuri za kubaki, mafunzo yamejaa na kazi nyingi za kuajiriwa zinaidai, hifadhi nakala ya masharti ya siku uliyoanza mradi, na tarehe yake. Ukienda Godot na Jolt ama Box2D, tafuta faili la leseni, nakili tangazo lote, ulipachike kwenye ukurasa wa shukrani ndani ya gemu. Ni kazi ya dakika mbili. Catto hataki zaidi ya hapo.